Leo Ni Siku ya Dawa

Samaki mia tatu walikufa kwa siku moja, na dawa niliyoagiza iwekwe kwa maji yao ni dawa isiyoua samaki.

Mnaonijua mnajua sili samaki. Mjaluo, tena wa Bondo, nimelelewa na ngege na omena, lakini kwa harusi zenu zote mnaniona na sahani ya kuku. Mmenicheka vya kutosha. Wakwe zangu walidhani nimejiunga na kanisa fulani geni.

Leo nawapa sababu. Nitaenda polepole, maana sijawahi kuisema yote, hata kwa mume wangu.

Turudi mwaka wa 2007.

Nilikuwa nimemaliza chuo, diploma ya mambo ya samaki mkononi, nimepata kibarua kwa mradi mmoja wa utafiti hapa Eldoret. Nilikuwa nimepanga bedsita Kimumu, kitanda na jiko vinasalimiana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakulima walikuwa wanachimba vidimbwi vya samaki, nyasi zinaota pembeni, mbu wanataga hapo. Na malaria ilikuwa imeanza kupanda hadi huku kwetu kwa baridi.

Mradi ukaleta unga fulani wenye bakteria. Unaumwaga kwa maji, viluwiluwi vya mbu vinaula, unavipasua matumbo, kwisha. Samaki akiumeza hana habari. Tumbo lake halifanyi kazi kama la kiluwiluwi, kwa hivyo ile bakteria inapita tu.

Kwa vitabu ilikuwa hivyo. Mimi nililipwa kuhakikisha ni hivyo pia kwa vidimbwi vya watu. Kila wiki mbili naweka unga, nahesabu viluwiluwi, naangalia samaki, naandika.

Kidimbwi cha saba kilikuwa Ziwa.

Kwa wasiopajua, Ziwa ni senta kaskazini ya Eldoret. Mahindi, maziwa, siku za soko. Hakuna ziwa. Nilipotumwa huko mara ya kwanza nilicheka peke yangu njiani.

Wenye kidimbwi walikuwa Mzee Irungu na mkewe, Mama Wamucii. Walikuwa na duka dogo pale senta na shamba nyuma yake. Walikuwa Wakikuyu, wametoka Murang'a miaka mingi, na Mzee aliongea Kikalenjin kuliko watoto wengine wa hapo. Mimi aliniita mwalimu wa samaki. Singeweza kuguza maji kabla sijakunywa chai.

Siku ya kwanza alishika ule unga kwa vidole, akanusa.

"Hii dawa ni kali?"

"Mzee, tafadhali tusiite dawa," nikamwambia. "Hapa dawa ni ya kupe, ni ya panya, ni ya magugu. Watu wakisikia unaweka dawa kwa maji watafikiria ni sumu."

"Sasa tuite nini?"

Jirani yao, Mzee Kipkemboi, alikuwa ameegemea fensi akitutazama. Mfereji wa kutoka kidimbwi cha Irungu ulipita kwake, na ng'ombe wake walikunywa hapo.

"Mnaweka nini kwa maji?" akauliza.

"Unga tu, Mzee," nikamjibu.

Akacheka. Akasema samaki wa Irungu wana bahati, wanapikiwa ugali na Mjaluo. Basi jina likashika hapo hapo. Unga wa Aluoch. Mama Wamucii aliupangia debe lake, na kikombe chake cha kupimia, na kifuniko.

Shida ni kwamba kwa ofisi sisi tuliita dawa. Kwa ile kalenda ya ukutani bosi alikuwa amezungushia tarehe kwa kalamu nyekundu na kuandika SIKU YA DAWA. Nikiwa Ziwa ni unga, nikiwa mjini ni dawa. Sikuona neno.

Irungu na Kipkemboi, hao walikuwa marafiki kabisa. Miaka ishirini wakilimiana, wakitumia fahali mmoja. Wiki ya kura nilimsikia Kipkemboi akimwambia mwenzake palepale kwa fensi, "Wewe tulia. Kuja kwako lazima wapitie kwangu, na kwangu hawapiti."

Nilimwamini. Sote tulimwamini.

Matokeo ya urais yalitangazwa Jumapili jioni, na usiku huo huo Wakikuyu wakaanza kufukuzwa. Mnakumbuka. Sitaki kuwarudisha huko sana.

Jumatatu asubuhi Kimumu kulikuwa na moshi pande mbili. Nilitoka kutafuta mkate, vijana wamefunga barabara kwa mawe.

"Unaitwa nani?"

"Aluoch."

"Pita. Wewe ni wetu."

Nikapita. Jina langu lilinipitisha, maana Wajaluo na Wakalenjin tulikuwa tumepigia kura upande mmoja, na mkate sikupata, nikarudi nyumbani nikaketi kitandani.

Halafu nikaangalia kalenda yangu. Tarehe thelathini na moja. Siku ya dawa, na hakuna gari linaloenda Ziwa wala popote.

Sasa muelewe kitu kimoja. Nilikuwa na kandarasi ya miezi sita na bosi alikuwa ametuambia anayekosa tarehe hata moja, data yake inatupwa, na yeye pia. Kichwa changu kilishika hapo tu. Nafikiri mtu akiogopa sana anashika kitu kidogo anachoweza kukifanya.

Maduka yalikuwa yamefungwa, kadi za credo hazipatikani hata ukilia. Kwa simu nilikuwa nimebaki na credo ya kuongea kidogo sana. Nikampigia Mzee Irungu.

Akashika mara moja.

"Mzee, ni Aluoch. Leo ni siku ya dawa. Iko stoo. Weka vikombe viwili, usisahau ku..."

Tuut. Credo imeisha.

Niliona nimefanya kazi. Nikaandika kwa daftari, kidimbwi cha saba, imewekwa, saa tatu asubuhi.

Habari zilinifikia baada ya siku sita, kupitia mwenzangu wa ofisi aliyekuwa na shangazi kule Ziwa.

Samaki wote wa Irungu walikufa siku hiyo hiyo. Walielea matumbo juu, meupe, kidimbwi kizima. Mchana ndama wawili wa Kipkemboi wakaanguka kando ya mfereji. Kukasemwa Irungu ametia maji sumu amalize ng'ombe za watu kabla hajahama.

Jioni vijana walikuja. Nyumba ikachomwa, duka likachomwa. Wazee wenyewe walitoroka kupitia mahindi makavu, na walikuwa wamefika kambi ya waliofukuzwa, pale Showground mjini.

"Na Kipkemboi?" nikauliza.

"Kipkemboi hakutoka kwake."

Nilienda Showground mwisho wa Januari. Nilimpata Mzee ameketi juu ya gunia nje ya hema, amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye. Aliponiona aligonga pale kando yake niketi.

"Mwalimu," akasema, "samaki wote walikufa."

"Nimesikia, Mzee. Pole."

Alifungua mdomo kama anataka kuongeza kitu, akaufunga. Akauliza kama nimekula.

Sikuketi. Nilimwambia nitarudi, na sikurudi. Niliona aibu na niliogopa, na mguu ukanitoa pale haraka kuliko nilivyotaka.

Kwa sababu nilijua, jamani. Unga wangu ndio uliua. Labda mzigo ule ulikuwa mbovu, labda nilikosea kipimo, labda vitabu vilidanganya. Lakini ni mimi nilisema wekeni, wakaweka, samaki wakafa, ndama wakafa, na aliyeahidi kuwalinda akabaki kwake.

Kwa ripoti niliandika: "Kidimbwi cha saba hakikufikika kwa sababu za usalama." Bosi akaweka sahihi. Mimi nikaacha kazi, nikaanza kuuza nguo za mtoto pale mjini.

Lakini kile kidimbwi kilinifuata.

Nikifua, povu jeupe likielea kwa beseni, nasimama. Simu ikikatika katikati ya maneno, jasho linanitoka, hata kama ni mama yangu. Chemist nilikuwa nasema nataka tembe, maana neno dawa linanikwama kooni. Na mume wangu aliponipikia ngege mara ya kwanza, akaileta mezani imelala na tumbo lake jeupe juu, nilitoka nje nikatapika. Akadhani nina mimba.

Mzee Irungu alikufa 2011. Nilisikia na mazishi sikuenda.

Mapema 2017, kura nyingine ikianza kunukia, yule bosi wangu wa zamani alinipigia. Kuna mradi mpya, wanataka kupima tena ule unga, wakati huu kwa matangi, samaki wa maji baridi, vipimo kutoka cha kawaida hadi mara kumi. Alinitaka kwa sababu nilikuwa na mkono mzuri wa kuhesabu.

Nilikubali haraka mpaka akashangaa. Nilitaka kuwaona wakifa. Nilitaka nimalize hii maneno kwa macho yangu.

Siku arobaini. Kila asubuhi nafungua mlango nikiwa nimeshika pumzi.

Hakuna aliyekufa. Hata kwa lile tangi la mara kumi, ambapo maji yalikuwa na rangi ya chai, walikuwa wananenepa na kupigania chakula.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilienda choo nikajifungia nikalia, maana sasa nilikuwa sielewi chochote. Kama si unga, ni nini kiliua samaki wa Irungu?

Wiki hiyo hiyo bosi akasema kuna mama wa Ziwa ameomba mradi umsaidie kurudisha samaki kwa kidimbwi chake, ila kuna jirani anapinga, na chifu ameita kikao. Anaitwa Wamucii.

Nilienda. 

Kidimbwi kilikuwa bado kipo, kimeota matete. Msingi wa nyumba ulikuwa unaonekana kidogo kwa nyasi. Watu kama thelathini walikuwa wameketi pale kando.

Mama Wamucii alikuwa amezeeka, ana kijiti cha kutembelea. Alikuwa anaishi Kesses, anauzia wanafunzi mandazi na mkaa, na alitaka jambo moja tu, arudi kwa shamba lake aweke samaki, afe akiwa kwake. Aliponiona alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Aluoch wangu," akasema. 

Mzee Kipkemboi alisimama kwanza. Nywele zimeisha, sauti bado ipo.

"Mimi sina ubaya na huyu mama. Aje ajenge. Lakini maji haya hayatawekwa kitu nikiwa hai. Nilizika ndama wawili hapa. Irungu alikuwa rafiki yangu, na aliweka sumu nikimwangalia, na akanidanganya kwa mdomo wake."

Chifu akanigeukia niongee, mimi ndiye mtaalamu. Nikasimama na karatasi zangu za matangi.

"Mzee Kipkemboi, tumepima. Ule unga hauui samaki, wala ndama. Tumeweka mara kumi na..."

"Nani ametaja unga?" akanikatiza. "Unga naujua. Niliuona ukiwekwa mara nyingi, na ng'ombe wangu walikunywa. Siku ile Irungu alibeba chupa. Nilimwuliza pale kwa fensi, unaweka nini? Akaniambia ni dawa. Dawa ya Aluoch."



Mama Wamucii hakuinua macho. Alikuwa anachora chini na kile kijiti chake.

"Unga wako haukuwa stoo," akaniambia polepole. "Nilikuwa nimeuhamisha jikoni kwa sababu ya panya. Uliungua na nyumba, debe zima. Stoo kulikuwa na chupa moja ya soda. Mimi ndiye niliinunua wiki ile, dawa ya kupe, walinipimia tu kwa duka la agrovet, chupa haina karatasi ya jina. Sikuwa nimemwambia Mzee."

"Mama..."

"Ulimwambia dawa, iko stoo, vikombe viwili. Mzee akaenda stoo. Kama ungesema unga angekuja jikoni. Alidhani umeleta ingine mpya ya maji. Mimi nilikuwa ndani nafunga nguo. Aliweka vikombe viwili na akasuuza chupa kwa mfereji, unajua vile alikuwa mtu wa kutomwaga kitu."

Basi ndiyo hiyo.

Miaka tisa nikiulaumu unga. Kumbe ni neno. Neno moja ambalo mimi mwenyewe niliwakataza, nikawapa lingine, halafu siku ambayo lilihitajika nikalisahau.

Niliwaambia pale pale. Nilisema mbele ya watu wote kwamba Irungu hakuwa mwongo, kwamba ni mimi nilipiga simu nikasema dawa, na simu ikakatika. Nilisema pia kwamba niliandika uongo kwa ripoti. Bosi wangu alikuwa ameketi hapo. Sikujali.

"Kwa hivyo hakutaka kuua ng'ombe zangu," Kipkemboi akasema.

"Hakutaka," Mama Wamucii akamjibu. "Jioni ile niliiona ile chupa tupu, nikamwambia ilikuwa ya kupe, akaelewa. Alikuwa anavaa viatu aje kwako akuambie amekosea. Ndio tukasikia barabarani kumejaa kelele. Tulilala kwa mahindi."

Kipkemboi alivua kofia. Aliishika muda mrefu akiizungusha.

"Walipita kwangu," akasema. "Nilikuwa nimesimama kwa geti. Walinisalimia. Ningesema neno moja wangerudi, hao wote nilikuwa nimewaona wakizaliwa. Sikusema, kwa sababu ya ndama."

"Najua," Mama Wamucii akasema. "Nilikuona."



Halafu minong'ono ikaanza, na yote ilikuwa kwangu. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba msichana wa ofisi amechomesha nyumba ya watu akaenda kuuza nguo. Ilikuwa kweli, nikainamisha kichwa.

Mama Wamucii akagonga kile kijiti chini.

"Mwacheni huyu. Mzee alikataa katakata nimwambie, alisema mtoto atabeba hii maisha yake yote. Na mimi nawaambia kitu. Siku ile tulikuwa na ndugu Nairobi, tuko na watoto wa dada Nakuru, tuko na kanisa nzima. Simu yetu ililia mara moja tu. Ni huyu alipiga. Mzee alitoka nje kuongea, akarudi ndani macho yamejaa machozi, akaniambia, 'Ni Aluoch. Anauliza kama tuko salama. Na amenikumbusha dawa.' Mpaka Mzee anakufa alikuwa anasema hivyo, kwamba kuna mtu aliuliza."

Watu wakanyamaza. Yule mama aliyenisema akaja akanishika bega.

Na mimi nikanyamaza pia.

Mama Wamucii alijenga chumba pale kwake, na samaki walirudishwa mwezi wa nne. Unga tunauweka bado, na anayeumwaga ni Mzee Kipkemboi mwenyewe, hataki mtu mwingine ashike kikombe. Kura ya mwaka huo ilipofika, alihamisha kiti chake akakiweka kwa geti la Mama Wamucii, akaketi hapo mchana kutwa hadi mambo yalipotulia. Hakumweleza mtu kwa nini.

Desemba Mama aliniita. Alikuwa amekaanga ngege mkubwa wa kidimbwini, ameweka nyanya na kitunguu, amenitafutia hata ugali wa mtama. Akaketi mbele yangu anisubiri nionje, anatabasamu. Akaanza tena ile hadithi ya simu, jinsi Mzee alirudi ndani na macho yamejaa.

Nilimwambia tumbo linaniuma. Alinifungia nikabeba.

Rudini pale juu msome nilichosema kwa ile simu. Nimewaandikia kila neno. Nimekuwa nikiyahesabu tangu siku hiyo na hayajawahi kuongezeka.

Mama, najua mjukuu wako hukusomea haya mambo ya mtandaoni. Sikuuliza. Nyumba za watu zinaungua na mimi niliwapigia kwa ajili ya kalenda. Hilo la kuuliza Mzee aliliongeza mwenyewe, kati ya mlango na pale ulipokuwa umeketi ukifunga nguo, kwa sababu hakuweza kukuambia kwamba simu moja mliyopata ilikuwa ya samaki.

Ukitaka kunifukuza kwako, nitaelewa. Ukiniita tena, nitakuja, na safari hii nitajaribu kula.

Na nyinyi mnaosoma, funzo langu ni fupi. Siku mambo yakiharibika na umebaki na credo kidogo, anza na kuuliza kama watu wako salama. Ikikatika hapo, imetosha.